Kuhamishia Mfumo wa Kompyuta Mpakato kwenye SSD Kubwa Zaidi

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa tumbaku katika Halmashauri ya Nsimbo. Kompyuta mpakato ya chama ilinunuliwa Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, na ndani yake mna SSD ya GB 128. Humo zimo orodha za wanachama, madeni ya pembejeo, uzito wa marobota ya misimu minne, barua za benki na picha za mikutano. Katikati ya msimu wa masoko, kompyuta inaanza kutoa onyo kwamba nafasi imekwisha. Faili ya hesabu inagoma kuhifadhiwa. Mwishowe mashine inachukua robo saa kuwaka. Mtu wa kwanza anamshauri anunue kompyuta nyingine. Wa pili anamwambia aipeleke kwa fundi "aipige Windows upya". Wa tatu anamwambia abadilishe diski tu.

Mara nyingi huyo wa tatu ndiye mwenye shauri jema. SSD kubwa zaidi hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine, na kazi ikifanywa vizuri mwenye mashine huikuta kama alivyoiacha: programu zile zile, nywila zile zile, picha ile ile kwenye kioo, ila nafasi imeongezeka. Ikifanywa vibaya, misimu minne ya kumbukumbu hupotea kwa dakika moja. Tunaeleza hapa kazi yenyewe ilivyo, mahali mlaji anapoweza kupunjwa, na mambo ambayo hapaswi kumwachia fundi peke yake.

Kabla ya kutumia fedha

Tunashauri kwanza kuangalia kinachojaza diski. Video zilizopakuliwa kutoka WhatsApp, mafaili ya masasisho ya zamani na pipa la taka lisilomwagwa huweza kuchukua makumi ya GB. Windows 11 yenyewe inadai kompyuta iwe na hifadhi isiyopungua GB 64, na hicho ni kiwango cha chini cha kuweza kuisimika, wala si kiwango cha kufanyia kazi kwa raha. Kwenye diski ya GB 128 mfumo, programu na masasisho hula sehemu kubwa ya nafasi hata kabla mwenye mashine hajaandika barua moja. Ukifuta yasiyo na maana na bado nafasi haifiki GB 20, basi tatizo ni udogo wa diski.

Jambo la pili ni umri wa mashine. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane hazimo katika orodha rasmi ya zinazokubali Windows 11. Mwenye kompyuta ya aina hiyo ajiulize kama anataka kuendelea nayo. Hata hivyo SSD si fedha iliyotupwa: mashine ikizeeka, diski hutolewa na kutiwa katika mashine nyingine yenye nafasi ya aina hiyo. Ndiyo maana hatuoni ubaya wa kununua SSD nzuri kwa ajili ya kompyuta ya kawaida, ilimradi aina yake iwe ile inayotumika sana.

Namba za GB nazo huzua ugomvi usio wa lazima. Mteja hununua SSD iliyoandikwa GB 512, akaifungua kwenye Windows akaona 476, akaamini ameibiwa. Hakuibiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824 na kuandika jibu kwa herufi zile zile. Kwa hiyo 128 huonekana kama 119, 256 kama 238, 512 kama 476, na TB 1 kama 931. Upungufu wa kiasi hiki ni halali. Usiokuwa halali tutauzungumzia baadaye.

Diski ipi inaingia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, hasa kwa mkazi wa Katavi. Kifaa kikiagizwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya basi hadi Mpanda, na kisipoingia mahali pake hurudishwa kwa njia hiyo hiyo, nauli ya kifurushi ikilipwa mara mbili, kama muuzaji atakubali kukipokea. Dakika kumi za kuhakiki aina kabla ya kuagiza ni bora kuliko juma zima la kusubiri.

SSD za kompyuta mpakato ziko katika maumbo mawili makuu. La kwanza ni kasha bapa la mstatili la inchi 2.5, lenye unene wa milimita 7 kwa kawaida, linaloingia mahali pa diski za zamani zenye sahani inayozunguka. Hutumia njia ya mawasiliano iitwayo SATA, na kasi yake hufikia kama MB 550 kwa sekunde. La pili ni kipande chembamba kisicho na kasha, mfano wa ubapa mrefu wa bigijii, kiitwacho M.2. Upana wake ni milimita 22 na urefu wake mara nyingi ni milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Ziko fupi zaidi, 2242 na 2230, na kompyuta iliyotengenezewa ile fupi haitapokea ndefu.

Tatizo la M.2 ni kwamba vipande viwili vinavyofanana huweza kuzungumza lugha mbili tofauti. Kimoja ni SATA, sawa na kile cha inchi 2.5. Kingine ni NVMe, ambacho kasi yake ni kubwa mara kadhaa. Mara nyingi cha SATA huwa na mapengo mawili kwenye meno yake ya shaba na cha NVMe huwa na moja, lakini tusitegemee macho pekee, tusome kibandiko. Kompyuta yenye tundu la SATA tupu haiwezi kuiona NVMe hata ikiingia na kukaa vizuri. Muuzaji anayesema "zote M.2 ni sawa" ama hajui ama hajali.

Kujua iliyomo ndani bila kufungua mashine si kazi ngumu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha bonyeza jina la diski. Namba ya modeli itatokea upande wa juu kulia. Iandike jinsi ilivyo. Geuza kompyuta uandike pia modeli yake iliyo kwenye kibandiko cha chini. Kwa namba hizo mbili, muuzaji makini au fundi makini ataweza kutafuta mwongozo wa matengenezo, ambao Dell, HP na Lenovo huuweka bure mtandaoni kwa mashine zao nyingi.

Ziko kompyuta ambazo habari yake inaishia hapo. Zile ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64 ya aina ya eMMC huwa na hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama kwa risasi. Vivyo hivyo MacBook nyingi za miaka ya karibuni. Hizo hazibadilishiki katika kibanda cha kawaida, na anayedai kulipwa kwanza ndipo "aangalie kama inawezekana" asilipwe.

Ubora na udanganyifu

SSD hazifi kwa kuzunguka, kwa kuwa hazina kinachozunguka. Huchakaa kwa kuandikwa. Watengenezaji wanaoheshimika hutaja kiasi cha data kinachoweza kuandikwa ndani ya dhamana. Kwa mfano, Samsung 870 EVO ya GB 500 imetajwa kwa TB 300 na dhamana ya miaka 5, yoyote itakayotangulia. Katibu wetu wa ushirika hataandika TB 300 maishani mwake. Kwa hiyo mlaji wa kawaida asilipie kasi na uimara wa kupindukia. Kwake muhimu ni diski iwe halisi, iwe mpya kama imeuzwa kuwa mpya, na iwe na ukubwa ulioandikwa.

Udanganyifu tunaotaka uujue ni wa namna mbili. Wa kwanza ni diski zilizochezewa ili zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao. Hizi hupatikana zaidi miongoni mwa zile za kuchomeka nje, zinazotangazwa kuwa na TB kadhaa kwa bei isiyotosha hata kununua TB moja ya kweli. Kompyuta huona TB 2, faili huingia bila kulalamika, lakini ndani mna GB 64 tu. Zinapojaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hupotelea hewani. Mwenye diski hugundua siku anapofungua faili. Dawa ni kuijaza diski yote kabla ya kuiamini. Programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huandika data mpaka mwisho kisha huisoma na kulinganisha. Huchukua muda, na kwa hiyo wauzaji wengi hawapendi kuisubiri. Omba ifanyike siku ya kwanza ukiwa na risiti mkononi.

Wa pili ni diski iliyotumika kuuzwa kama mpya. SSD huweka daftari lake lenyewe la saa ilizowaka na data iliyoandikwa. Programu ya CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure, huyaonyesha hayo pamoja na asilimia ya afya. Diski mpya huonyesha saa chache tu. Ukiona saa 9,000 kwenye kitu kilichotoka ndani ya pakiti, hiyo imefanya kazi mahali pengine zaidi ya mwaka mzima mfululizo. Kununua iliyotumika si kosa, na kwa bei yake huenda ikawa jambo la busara. Kosa ni kuuziwa kwa jina lisilo lake.

Kunakili au kuanza upya

Mafundi wana njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima, yaani kukloni: kila kilichomo kwenye SSD ndogo, pamoja na mfumo endeshi na namna ya kuuwasha, huhamishiwa kwenye kubwa. Ya pili ni kusimika Windows mpya kwenye diski tupu na kurudishia mafaili baadaye.

Kwa mazingira yetu tunaelekea kupendelea njia ya kwanza. Kusimika upya hudai kupakua zaidi ya GB 5 za Windows peke yake, na baada ya hapo masasisho, programu za ofisi na za printa. Yote hayo ni bando la mlaji. Pia programu za zamani za hesabu ambazo mwenye kuzisimika amekwisha kuhama mkoa huweza zisirudi tena. Lakini kunakili hunakili pia maradhi. Kompyuta yenye virusi, au yenye Windows ya wizi, au ambayo diski yake ya zamani imeanza kusoma kwa kukwama, haifai kukloniwa. Hiyo iokolewe mafaili kwanza, kisha ianzishwe upya.

Kuhusu leseni, mlaji asitishwe. Kwenye kompyuta iliyokuja na Windows halali kutoka kiwandani, leseni hufungamana na ubao mama, si na diski. Kubadilisha SSD peke yake kwa kawaida hakuiondoi. Fundi anayetoza "leseni mpya" kwa sababu tu ya kubadilisha diski aombwe maelezo, na leseni anayouza iombewe risiti.

Zana za kunakili ni za bure au huja na diski. Samsung wana programu yao kwa ajili ya SSD zao. Crucial, Kingston na Western Digital huwapa wateja wao toleo la Acronis. Clonezilla ni ya bure kwa wote, huwashwa kutoka kwenye flashi, na hutumika hata pale Windows inapogoma kuwaka, ingawa kioo chake cha maandishi matupu humtisha mgeni. Kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi zina nafasi moja tu ya diski, SSD mpya huwekwa kwanza ndani ya kasha la USB au kwenye kebo ya kuunganishia, inakiliwe ikiwa nje, kisha iingizwe ndani. Kasha nalo lina aina: la SATA halisomi NVMe.

Nakala rudufu kwanza, na ufunguo mkononi

Kabla ya bisibisi kugusa skrubu, mafaili yasiyoweza kupatikana tena yawekwe mahali pengine kabisa: flashi, diski ya nje, au akaunti ya mtandaoni. Tunasisitiza neno "pengine". Nakala iliyo kwenye diski ile ile, hata ikiwa kwenye herufi D, si nakala rudufu. Kwa katibu wetu, orodha za wanachama na hesabu za misimu yote huenda zisifike GB 2. Zinaingia kwenye flashi ya kawaida inayouzwa katika steshenari yoyote mjini Mpanda.

Lipo pia jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo limewafungia watu milango. Windows za siku hizi huweza kufunga diski kwa usimbaji fiche wa BitLocker bila mwenye mashine kuombwa ridhaa waziwazi. Mashine ikifunguliwa na vifaa vyake kubadilishwa, huenda ikadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati kompyuta ilipowekwa tayari mara ya kwanza. Akaunti hiyo ni ya nani? Kwa kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa tayari "zimesetiwa", ni ya muuzaji au ya kijana wa dukani, kwa barua pepe ambayo mwenye mashine hajawahi kuiona. Kwa hiyo fungua mipangilio ya faragha na usalama, tazama kama usimbaji wa kifaa umewashwa, na kama umewashwa uzime na kusubiri umalizike kabla ya kunakili. Kama huwezi kuuzima, andika ufunguo kwenye karatasi kwanza. Na kama akaunti ni ya mtu mwingine, ibadilishe iwe yako leo, hata usipobadilisha diski.

Kazi yenyewe

Sehemu hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta iwe na betri iliyojaa na ichomekwe kwenye umeme. Wakazi wa Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski ya zamani haidhuriki, kwa kuwa husomwa tu. Kazi huanzishwa upya. Kupitia tundu la USB 2, GB 100 huchukua karibu saa moja. Kupitia USB 3, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, huchukua sehemu ndogo ya muda huo.

Hatari kubwa iko kwenye kioo kimoja tu: pale programu inapouliza ipi ni diski ya kutoka na ipi ni ya kwenda. Aliyezibadilisha hunakili utupu juu ya kumbukumbu zake. Zitofautishe kwa modeli na kwa ukubwa, wala si kwa mpangilio wa orodha, na usibonyeze mpaka watu wawili wamesoma. Kama upo kwa fundi, uwe mmoja wa hao wawili.

Baada ya kunakili, kompyuta huzimwa kabisa, chaja huchomolewa, na kifuniko cha chini hufunguliwa. Waya wa betri hutolewa kabla ya kugusa diski. Anayefanya kazi hiyo aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli, jambo la maana zaidi miezi ya kiangazi. SSD ya M.2 huingia kwa kuinamishwa kidogo kisha hulazwa na kubanwa kwa skrubu moja ndogo sana, ambayo hupotea kirahisi. Fundi mzuri hutunza skrubu kwenye kisahani. Mara ya kwanza mashine iwashwe ikiwa na diski mpya peke yake. Diski mbili zenye utambulisho mmoja zikiwa pamoja, Windows huweza kuchanganyikiwa na kuanzia kwenye ile isiyotakiwa.

Mashine ikiwaka, usishangilie bado. Fungua orodha ya diski utazame ukubwa. Watu wengi huona C ile ile ya GB 119 kama kwamba hawakununua kitu. Nafasi mpya ipo, lakini imeachwa tupu mwishoni, na mara nyingi katikati yake na C limekaa fungu dogo la urejeshaji la Windows, ambalo huzuia C kupanuliwa kwa programu ya kawaida ya kusimamia diski. Fungu hilo huhamishwa kwa programu maalumu, au hupangwa vizuri tangu wakati wa kunakili. Hii ni sehemu ya kazi uliyolipia. Fundi anayekurudishia kompyuta bila kuikamilisha, au anayetaka malipo mengine "ya kufungua nafasi", hajamaliza kazi.

Ukiwa kwa fundi

Kaa naye ikiwezekana. Ikiwa kazi italala kwake, mpe mashine yenye nakala rudufu iliyobaki kwako, na uandike naye karatasi ndogo: modeli ya kompyuta, namba ya utambulisho ya SSD ya zamani, ya mpya, kazi iliyokubaliwa, bei na siku ya kuchukua. Namba hizo zimechapwa kwenye kibandiko cha diski. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba simu ina kamera: piga picha ya kibandiko kabla hakijaingia ndani ya kifuniko.

Nywila ya kompyuta uiingize mwenyewe. Ikibidi kumwachia fundi, weka ya muda na uibadilishe siku hiyo hiyo unapochukua mashine.

Dai pia SSD ya zamani. Ni mali yako hata kama fundi atasema haina kazi, na kwa kipindi cha mwanzo ndiyo nakala bora kuliko zote. Ihifadhi bila kuigusa kwa majuma kadhaa, angalau mpaka umefunga hesabu za mwezi mmoja kwenye diski mpya na kuona kila programu inafunguka. Usiiweke miaka kabatini ukidhani ni hifadhi ya kudumu: SSD iliyochakaa, ikikaa bila umeme kwa muda mrefu mahali penye joto, huweza kupoteza data.

Muda huo ukipita, unaweza kuitia kwenye kasha la USB ikawa diski ya nje. Ukitaka kuiuza au kuitoa, kumbuka kwamba kufomati kwa haraka hakufuti. Huondoa fahirisi tu, na data huweza kurudishwa na mwenye zana. Tumia amri ya kufuta kabisa iliyo katika programu ya mtengenezaji wa diski. Kwa vyama vya ushirika, shule, zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa, hili si suala la tahadhari pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski iliyouzwa sokoni ikiwa na majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama ni uvunjaji wa wajibu huo, hata kama aliyeiuza alidhani imefutwa.

Mambo yakienda kombo

Risiti ya mashine ya kielektroniki ndiyo msingi wa kila dai. Iombe hata ukilipa kwa simu, na uhakikishe imeandikwa aina na ukubwa wa SSD badala ya neno "vifaa". Unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, verify.tra.go.tz. Ukiagiza kutoka mbali, hifadhi pia ujumbe wa makubaliano, tangazo lenye maelezo ya bidhaa na stakabadhi ya kifurushi, na urekodi video unapofungua pakiti, namba ya utambulisho ikionekana.

Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti yasikunyamazishe. Muuzaji anaweza kukataa kurudisha bidhaa nzuri ambayo mteja amebadili tu nia. Hawezi kujificha nyuma ya maneno hayo pale bidhaa isipolingana na maelezo yake au isipofaa kwa kazi iliyouziwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa inashughulikia bidhaa bandia. Sheria zote mbili zinasimamiwa na Tume ya Ushindani.

Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukitaja unachotaka: kubadilishiwa, kurudishiwa fedha au kukamilishiwa kazi, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Akikataa, mwone afisa biashara wa halmashauri yako, kisha upeleke lalamiko Tume ya Ushindani likiwa na risiti, karatasi ya fundi, picha ya kibandiko na picha ya kioo inayoonyesha kasoro, yaani matokeo ya H2testw au saa za CrystalDiskInfo. Likihusu taarifa binafsi zilizovuja kutoka kwenye diski iliyobaki kwa mtu mwingine, lipelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Diski yenye mgogoro isiendelee kutumika wakati huo; iweke kwenye bahasha yake, namba ya utambulisho ikionekana, kwa kuwa kila saa inayowaka huongezeka kwenye daftari lake na kumpa muuzaji neno la kujibu.